Chambo Kiunoni, Koleo Garini

Kutoka Houston hadi kisiwa cha Galveston ni kama kilomita 80, na kijana aliitumia njia nzima kumweleza ami yake habari za chambo. Yeye ni dereva wa lori, mzaliwa wa Kisauni. Usiku anaolala kwenye vituo vya mafuta huutumia kutazama video za uvuvi, na kila video humwachia kitu cha kununua. Ami ni mtu wa Shimoni, amevua kwa mshipi tangu hajaota ndevu, na safari hii alikuja Marekani kumwona bintiye aliyejifungua. Alisikiliza yote, ya chambo cha rangi ya tikiti maji chenye mkia wa kijani kibichi, ya vinavyopiga kelele na vinavyonukia, mpaka gari lilipoegeshwa upande wa ghuba. Hapo ndipo alipouliza koleo liko wapi.

"Nimeliacha nyuma ya kiti, Ami. Mkanda umejaa."

Ulikuwa umejaa kweli. Visanduku viwili vya plastiki, mfuko wa mikia laini ya bandia, na vingine vimechomekwa kwenye kofia. Ami alikuwa na kijiko kimoja cha kuvulia, cha rangi ya dhahabu, mshipini, vingine viwili mfukoni, na koleo lake limening'inia shingoni kwa kamba.

Pwani ya Texas imejaa ghuba zisizo na kina. Laguna Madre, kule kusini nyuma ya kisiwa cha Padre, kwa wastani ina kina cha mita moja hivi tu. Mashua huwatisha samaki wa maji kama hayo, basi mvuvi huiacha, akateremka na kutembea taratibu huku maji yakimfika magotini au kiunoni. Ni uvuvi mtamu, ila mvuvi hana meza wala pa kuweka kitu. Kila anachohitaji lazima kining'inie mwilini, na akitaka kubadilisha chambo anaifanya kazi hiyo kwa vidole vilivyolowa, fimbo ameibana kwapani, upepo unampeperushia uzi, na macho yake yameacha kuyaangalia maji aliyosimama ndani yake.

Asubuhi hiyo ya Mei upepo ulitoka kusini-mashariki. Ami alishangaa kuambiwa kwamba bahari ya huko hupanda na kushuka chini ya nusu mita siku nyingi. Kwao, siku za bamvua, inapita mita tatu na mtu hupanga maisha yake kwa hilo. Galveston upepo una amri kubwa kuliko mwezi. Ukivuma wa kaskazini wakati wa baridi huyasukuma maji nje ya ghuba, na wa kusini-mashariki huyarudisha. Ami alisimama ufukweni kitambo kirefu akitazama maji yanakokwenda. Kijana alikwisha kuingia.

Samaki waliowatafuta ni wawili. Mmoja ni yule mwekundu mwenye doa jeusi karibu na mkia, mdomo wake umeelekea chini, na mara nyingi hula kichwa kikiwa matopeni akitafuta kaa na kamba. Mwingine ni trauti wa baharini mwenye madoa, ambaye si trauti hata kidogo, ni ndugu wa huyo mwekundu. Ana meno mawili marefu mbele, na hupenda kumvamia mkizi au kamba kutoka chini. Anayejua hayo mawili amekwisha kujua nusu ya habari za chambo. Chambo kipite mahali samaki anapotazama. Kwa mwekundu kipite karibu na sakafu. Kwa trauti kipite juu yake kidogo, asilazimike kuinama.

Kijana alianza na mkia laini uliovalishwa kwenye kichwa cha risasi cha gramu 1.8, kile chepesi kabisa. Si chaguo baya siku tulivu juu ya nyasi za bahari. Lakini upepo uliuvimbisha uzi, uzi ukakinyanyua chambo, na kila alipovuta kikawa kinapita karibu na uso wa maji, juu kabisa ya mwekundu aliyekuwa anachimba chini. Hakupata mguso. Akatoa mkia wa rangi ya tikiti maji akaweka wa waridi. Akarusha mara tano au sita. Akaweka mweupe. Halafu mweusi wenye vimulimuli. Rangi nne, na kina ni kilekile.

Hapa niseme langu. Rangi ndiyo inayouzwa dukani kuliko kitu kingine, kwa sababu inamvutia mnunuzi. Ni kweli kwamba maji ya matope yanataka chambo cheusi au chenye rangi inayojitokeza, na maji maangavu yanataka kinachofanana na chakula halisi. Lakini yale maelezo marefu ya jinsi rangi nyekundu inavyofifia kadiri maji yanavyozidi kina hayamhusu mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti. Kabla ya rangi mvuvi ana mambo ya kubadilisha yasiyomgharimu fundo hata moja: mwendo wa kuvuta, upande wa kurushia, na mahali penyewe aliposimama. Yakishindikana hayo, abadilishe uzito ili kina kibadilike, kisha ukubwa. Rangi ingoje zamu yake. Na abadilishe kimoja kimoja. Anayebadilisha matatu kwa pamoja, akipata samaki hatajua nini kimempa.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana. Kukata uzi, kuweka cha zamani mahali pake, kupenyeza, kufunga kitanzi, kulowesha fundo na kulikaza huchukua dakika mbili tatu kwa mtu mzoefu. Kijana si mzoefu, na kila kifuniko cha kisanduku alikifungua kwa meno. Ukimtazama kutoka ufukweni ungesema amekuja baharini kushona.

Ami naye alikuwa kama mita mia upande wa upepo, kwenye ukingo wa kifereji ambamo maji yalikuwa yanatoka nyasini. Alirusha kijiko mbele ya mkondo, akakiacha kishuke, akakivuta polepole kiasi cha kumeta bila kuzunguka. Kilipokwama nyasini aliinua fimbo kidogo, akaongeza mwendo kwa mizunguko miwili, kisha akapunguza tena. Hakukigusa kwa mkono mpaka alipomtoa mwekundu wa kwanza. Alimpima: sheria ya Texas inataka awe kati ya inchi 20 na 28, yaani kama sentimita 51 hadi 71. Alitosha, akaingia kwenye mtungo.

"Chambo gani, Ami?" kijana alipaza sauti.

"Hichi hichi. Njoo usimame hapa, mwanangu, maji yapita hapa."

Kijana hakwenda. Alifungua kisanduku kutafuta kijiko cha dhahabu.

Saa moja baadaye mikizi walianza kuruka mbele yake, kundi zima, wakitawanyika kwa hofu. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi, husema watu wa pwani, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kijana alikuwa na sababu halali ya kubadilisha chambo. Trauti walikuwa wanawafukuza mikizi juu ya maji, kwa hiyo chambo cha juu ya maji ndicho kilichotakiwa. Alifunga kile kinachoelea, umbo la sigara, chenye gololi tumboni zinazogonga na ndoana tatu zikining'inia chini yake, kila moja ya ncha tatu. Ncha tisa. Akakirusha nyuma ya mikizi, akakitembeza kwa kugusagusa fimbo, kikawa kinaenda kulia na kushoto juu ya maji.

Maji yalipasuka. Kijana akavuta kwa nguvu papo hapo, chambo kikaruka hewani kitupu. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi: jicho linaona mshindo na mkono unajibu kabla samaki hajafumba mdomo. Mara ya pili alijizuia mpaka aliposikia uzito kwenye fimbo, na uzito ulikuwa wa haja.

Trauti ana mdomo laini, ndoana huchana kirahisi, hivyo huwezi kumvuta kwa mabavu. Kijana alimleta vizuri. Alipofika karibu na paja lake, samaki alikuwa ameshikwa na ndoana ya mbele. Ile ya katikati na ya nyuma zilikuwa huru, zikichezacheza. Mtu mwenye koleo angeshika chambo kwa koleo. Mwenye kiwavu angemchota. Kijana alinyoosha mkono akamkamata samaki nyuma ya kichwa. Samaki akajipinda mara moja tu, na ndoana ya katikati ikaingia chini ya kidole gumba, ikazama mpaka kile kijino kinachozuia isitoke. Sasa samaki mwenye nguvu zake alikuwa upande mmoja wa chambo, na mkono upande wa pili, na kila samaki alipotingisha kichwa, ncha ilizidi kutafuta mfupa.

Alipiga ukelele. Ami alikuja, lakini hakukimbia. Aliburuta miguu mchangani kama desturi, kwa sababu samaki aitwaye taa hujilaza chini na asiyeburuta humkanyaga. Alipofika hakugusa mkono kwanza. Alimbana samaki kwenye ubavu wake ili asitikisike, akakata uzi, kisha kwa koleo akaichomoa ndoana ya mbele mdomoni mwa samaki na kumwachilia aende. Halafu akakikata kipete kinachoshikilia ndoana ya katikati, chambo kikatoka, ikabaki ndoana peke yake mkononi.

"Ivute, Ami."

"Siivuti. Ipo karibu na kiungo."

Alikuwa sahihi. Ipo njia ya kuichomoa ndoana iliyoingia kwenye nyama tupu: unazungusha uzi imara kwenye mpindo wake, unalikandamiza shina kwenye ngozi, kisha unauvuta uzi kwa ghafla ukifuata njia ndoana iliyoingilia. Karibu na kiungo, mshipa wa damu, shingo au jicho, usijaribu. Walirudi ufukweni, kijana akilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu na kunyanyua miguu kila hatua, na Ami nyuma yake akimkumbusha: buruta, buruta.

Daktari alimtia ganzi, akaitoa, akaosha sana, akampa sindano ya pepopunda na dawa za kumeza. Kisha akamweleza habari za bakteria iitwayo Vibrio vulnificus, inayokaa katika maji ya chumvi yenye joto. Tundu dogo likiambukizwa linaweza kugeuka jeraha la kumtoa mtu kiungo au uhai kwa muda mfupi mno, hasa mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu. Wekundu ukitambaa, uvimbe ukizidi au homa ikiingia, asingoje asubuhi. Havikuja.

Jioni Ami aliketi mezani kwa bintiye akiwa na kile chambo. Mahali pa ndoana ya katikati hakurudisha nyingine, akazibadilisha ya mbele na ya nyuma kwa ndoana za ncha moja, na vijino vyake akavifinya kwa koleo vikalala. Samaki kadhaa zaidi watakuponyoka, alimwambia kijana, na wewe utaponyoka pia. Kilichobaki kilikuwa kukijaribu, kwani ndoana za ncha moja ni nyepesi, na chambo kilichopunguziwa uzito tumboni kinaweza kulala ubavu na kisitembee. Kilihitaji maji. Beseni lililokuwa karibu lilikuwa la kumwoshea mtoto, na bintiye Ami alipoingia akakuta ndoana zinaelea humo, aliwatoa wote wawili jikoni kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.