Kulia, Kuugua, Kulilia



Kijana mwenzangu, mwaka jana nilipanda basi kutoka Iringa kwenda Tukuyu msibani. Rafiki yangu, tuliyekuwa naye VIWAWA parokiani kwetu, alikuwa amefiwa na mama yake. Njia nzima, Mafinga, Makambako, mpaka pale Uyole tunapokata kushoto, nilikuwa najiandaa namna ya kumbembeleza. Nilijua tu nitamkuta analia.

Nikakuta halii.

Shangazi zake waliangua kilio mara tulipoingia uani. Mmoja alikuwa anaomboleza, na kuomboleza si kulia tu, kuna maneno ndani yake: anamtaja marehemu, anamwuliza wajukuu amemwachia nani. Mdogo wake wa mwisho alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, imebaki kwikwi. Yeye rafiki yangu anapanga viti. Anauliza kama wageni wamepata chai. Basi watu wakaanza kuguna. Unaujua ule mguno wa msibani, mfupi, wa puani. "Mtoto wa kiume wa kwanza, mbona hata chozi hakuna?" Na mimi, nakiri, niliguna moyoni.

(Huko Rungwe, Monica Wilson, mtafiti aliyeishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba mazishini wanawake walilia kwa sauti, na wanaume walicheza ngoma ya vita. Kwa hiyo hata wazee walijua huzuni haina mlio mmoja.)

Usiku wanaume tulikaa nje kwenye moto. Baridi ya Tukuyu si ya mchezo. Watu wakasinzia mmoja mmoja. Ndipo nikamsikia. Halikuwa neno, wala hakikuwa kilio. Alipiga kite, sauti ya chini kabisa inayotoka tumboni, kama ya mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Kisha kimya. Kisha tena.

Kiswahili kina neno moja kwa sauti hiyo na kwa kuwa mgonjwa: kuugua. Tangu usiku ule naona wazee waliotuachia lugha hii hawakukosea. Mtu anayeugua namna hiyo anaumwa kweli, hata kama anagawa chai.

Sasa fungua Injili ya Yohane, sura ya 11, kaburini kwa Lazaro. Kwa Kiswahili tunasoma kwamba Maria alilia, Wayahudi walilia, na Yesu naye alilia. Lakini kwa Kigiriki Mwinjili ametumia maneno mawili tofauti. La Maria na wale waombolezaji ni kulia kwa sauti. La Yesu ni kutokwa na machozi. Hakumwambia Maria anyamaze, na hakulazimika kulia kama Maria. Huyohuyo Bwana, alipolitazama jiji la Yerusalemu katika Luka 19, alilia, na pale neno ni lile la sauti.

Halafu kuna Marko 7:34, mstari tunaoupita haraka kwa sababu tunakimbilia "Efatha". Kabla ya kumfungua yule bubu-kiziwi, Yesu alitazama mbinguni akaugua. Yaani mbele ya mtu asiyeweza kusema, Mwana wa Mungu naye alitoa sauti isiyo na maneno. Mtume Paulo anatumia neno la mzizi huohuo katika Warumi 8: viumbe vinaugua, sisi tunaugua, na tusipojua kuomba, Roho Mtakatifu anatuombea kwa kuugua. Hebu fikiria. Kile kite pale motoni, ambacho sisi tulikihesabu kuwa si kitu kwa sababu hakikuwa na chozi, ndicho Paulo anakiweka kinywani mwa Roho.

Kesho yake jioni tulisali rozari. Tulipofika Salamu Malkia nikasikiliza kwa mara ya kwanza, ingawa naisali tangu Komunyo ya Kwanza. Mle ndani kuna kulalamika. Siku hizi tukimwambia mtu "acha kulalamika" tuna maana anasumbua. Katika sala ile ni neno la heshima: Kilatini chake ni kuugua. Na kuna kulilia. Kulia unaweza kulia peke yako chumbani, umefunga mlango. Kulilia lazima awepo mtu unayemlilia. Ni silabi moja tu imeongezwa, na kilio kimekuwa sala. Sisi wa Iringa tulipaswa kulijua hili mapema, maana wamisionari waliofika kwetu mwaka 1919 wanaitwa kwa jina la Mama huyohuyo, Consolata, Mfariji.

Aliyekuwa anaongoza rozari alikuwa rafiki yangu. Sauti yake ilikuwa imara kama ya mtu anayesoma matangazo ya parokia, makumi yote matano. Akaanza Salamu Malkia. Alipofika kwenye "tunakulilia" akasimama. Tukasubiri. Akajaribu tena, ikakatika palepale. Shangazi yake, yule aliyeguna kuliko wote, akaidaka sala kutoka hapo, akaimalizia taratibu kwa niaba yake, huku amemshika mkono.