Udugu Haupewi Talaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kutokana na nafsi moja akatufanya jamaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Muhula unakwisha. Karibuni tutafunga mabegi, mwingine aelekee Arua, mwingine Kigali, mwingine Bukavu, na mimi Bujumbura. Wengi wetu tunaujua mlango tutakaoubisha hodi. Lakini wapo miongoni mwetu ambao nyumbani kwao ni pawili, kwa sababu baba na mama waliachana. Na katika hao wapo ambao upande mmoja wa ukoo hawajaukanyaga kwa miaka. Nawaandikia hao, kwa kuwa mimi ni mmoja wao, na nasaha hii naanza kuipa nafsi yangu.

Wazazi wangu waliachana nikiwa na umri wa miaka 13. Baba alirudi kwao Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na sisi tukabaki na mama Buyenzi, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Hakuna aliyetukataza kwenda Rumonge. Mama hakumsema baba vibaya mbele yetu hata siku moja, Allah amlipe kheri. Lakini mtoto husoma uso. Kila jina la shangazi lilipotajwa, mama aliinuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata kama hakukuwa na chungu motoni. Tukajifunza kutolitaja. Baba alikuja kutuona mara mojamoja na ada alituma, ila shangazi, ami na watoto wao wakawa watu wa kutumiana ujumbe siku ya Idi. Baadaye hata ujumbe ukakatika. Ikapita miaka 9.

Sikujiona kuwa mkataji wa udugu. Nilijiona ninamtetea mama.

Muhula uliopita tukarudia darasani hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Nilikuwa naijua tangu madrasa: mama yake alimjia Madina akiwa bado mshirikina, Asmaa akasita, akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, naye akamjibu ndiyo, amuunge mama yake. Mwalimu akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulizingatia. Mama huyo, Qutayla, alikuwa mtalaka wa Abubakar tangu zama za Jahiliya. Kwa hiyo Asmaa, mtu mzima mwenye nyumba yake, alikuwa mtoto wa wazazi walioachana, na aliyesimama mlangoni alikuwa ule upande wa pili. Baba yake ni swahiba mkubwa wa Mtume. Pamoja na hayo, katika jibu la Mtume hamna neno lolote juu ya nani alimwacha nani wala kwa kosa gani. Jibu ni kuunga.

Usiku ule nililala nikiwafikiria watu wa Rumonge.

Ndugu msomaji, jambo hili halikuanza na sisi. Umar bin Khattab (r.a.) alimwacha mama yake Asim. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba siku moja Umar alimkuta mwanawe akicheza uani mwa msikiti wa Quba, akamshika mkono akampandisha mbele yake juu ya mnyama. Bibi yake mtoto akatokea wakavutana, wakafika kwa Abubakar (r.a.), ambaye alikuwa Khalifa. Abubakar akamwambia Umar amwachie bibi mtoto, na Umar, pamoja na ukali wake wote, hakurudisha neno. Mtoto yule aliyekuwa akivutwa huku na huku alikua, akazaa binti, na binti huyo ndiye mama wa Umar bin Abdul-Aziz, khalifa mwadilifu. Tusijione kuwa mabaki ya ndoa iliyoharibika. Allah anaweza kutoa kheri kubwa kupitia mtoto aliyegombaniwa.

Likizo iliyopita nikamwambia mama, "Nataka kwenda kumsalimia shangazi." Aliinuka. Nikadhani anakwenda jikoni. Akarudi na kitenge kipya kilichokunjwa, akasema, "Mkono mtupu haulambwi. Mpelekee." Hakuongeza kitu. Dada yangu mkubwa alikataa kufuatana nami. Alisema yeye anakumbuka mengi kuliko mimi, na sikubishana naye, kwa sababu ni kweli.

Shangazi alinipokea kwa kilio, kisha kwa mikeke wa kuchoma na ugali. Jioni tulikaa uani, harufu ya ndagala zilizoanikwa ikija na upepo wa ziwani, na taa za wavuvi zikianza kuwaka majini moja moja. Kwa miaka 9 nilikuwa nimebaki na kumbukumbu moja tu ya ndoa ya wazazi wangu, nayo ni sauti zao usiku nyuma ya ukuta. Shangazi akanipa nyingine. Akanikumbusha Idi moja baba alipotupandisha wote mtumbwini, mama akashika ukingo kwa mikono miwili akisoma dua kwa sauti, na baba akicheka mpaka kasia likamponyoka, ikabidi ami aogelee kulifuata. Nikaikumbuka! Nilikuwamo mtumbwini, miguu yangu ndani ya maji. Mama mwenyewe alicheka siku ile mpaka mtandio ukalowa.

Kisha shangazi akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. "Unajua nani alinifundisha kusoma Yaasin? Mama yako. Nilikuwa mtu mzima, naona haya kukaa na watoto madrasa. Alinifundisha hapa uani, tukikamua mawese. Kila ninapoisoma, namwombea."

Katika Surat al-Baqara, aya ya 237, Mwenyezi Mungu anaeleza hukumu ya mahari kwa wanaoachana kabla ya kukutana, na humo humo anawakumbusha wasisahau fadhila baina yao. Ikiwa waliooana bila hata kulala nyumba moja wanakumbushwa wema, itakuwaje kwa walioishi pamoja miaka na kuzaa watoto? Mtume (S.A.W.) alikuwa akichinja kondoo akawapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija baada ya kufariki kwake, na alipomsikia Hala, dada yake Khadija, akibisha hodi, ilimjia namna Khadija alivyokuwa akibisha, moyo wake ukataharuki. Pale waliachanishwa na mauti, si talaka. Lakini fundisho linatugusa: jamaa ndio wanaotuwekea kumbukumbu njema, na usipowatembelea huzipati kwingine.

Siku ya pili baba alikuja kwa shangazi. Akauliza hali ya bibi, macho yakiwa chini. Akasema tangu talaka amekuwa akiona haya kumpigia, tena hajui kama inafaa, kwa kuwa sasa ni mwanamke wa kando. Nikamwambia, "Baba, bibi ni maharimu wako mpaka kufa. Mama mkwe haachwi. Imo katika Surat an-Nisaa, aya ya 23." Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Alicheka, na kile kicheko nilikitambua, ni kile kile cha mtumbwini. Nilirudi Bujumbura na dumu la mawese na salamu za bibi. Bibi aliyapokea, akanusa, akasema, "Huyu mtu hajasahau kuchagua mawese." Wiki ile wakazungumza kwa simu, dakika chache tu.

Sikuwarudisha wazazi wangu pamoja, wala sikwenda kwa nia hiyo. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunakwenda tukitaka kuwa kadhi, kumbe tumetakiwa kuwa watoto. Basi tushike adabu chache. Mwambie mzazi unayeishi naye kabla ya kusafiri, asije akasikia kwa jirani. Usibebe maneno ya nyumba hii kuyapeleka nyumba ile, kwani hiyo ni namima, na safari ya thawabu hugeuka safari ya dhambi. Ukiulizwa nani alikosea, sema Allah anajua zaidi, uombe chai. Na kama upande mmoja uliwahi kukupiga au kukudhuru, sheria haikutumi kwenda kujitia hatarini. Kuunga kuna daraja nyingi: salamu ya simu ni kuunga, na dua ya usiku ni kuunga.

Wala tusingoje waanze wao. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba muungaji wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema; ni yule anayekatiwa udugu naye akaunga. Nilijiambia miaka yote kwamba shangazi naye hakunitafuta. Nilipofika nikaona picha yangu ya darasa la kwanza ukutani kwake.

Niliporudi nilimweleza mama habari ya Yaasin. Alikaa kimya muda mrefu. Safari hii hakuinuka. Kisha akauliza, "Bado anakosea ile aya ya mwisho?"

Na dada yangu? Bado hajakwenda. Lakini mwezi uliopita alinitumia ujumbe akitaka namba ya shangazi. Nimempa, na sijamwuliza kitu.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazazi wetu walioishi pamoja na walioachana. Waponye walioumia. Turuzuku miguu ya kuendea jamaa zetu kabla hatujaiendea jeneza zao, na utujaalie tuwe daraja kati ya nyumba mbili, tusiwe ukuta. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.