Kitanda kwa Fedha ya Mwingine

Mtu atumwaye na kampuni yake kwenda Dar es Salaam kufanya mkataba hukabiliwa na swali la malazi kabla hajakabiliana na wenye mkataba. Mbele ya bandari, Barabara ya Kivukoni, ingali imesimama Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965, ambayo siku hizi huitwa Hyatt Regency. Upande wa Magomeni zimo nyumba za wageni ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile. Achague kwa ajili ya mwili wake, kazi yake, au mfuko wa aliyemtuma?

Watetezi wa anasa hawakosi hoja. Mjumbe aliyekesha kwa joto na kelele hausomi mkataba vizuri. Umeme ukikatika, kazi yake hulala. Na foleni za mji ule zaweza kumpotezea nusu ya asubuhi. Ukaribu, utulivu, intaneti isiyokatika na chumba cha mkutano ni vyombo vya kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Hapo hapana ubishi. Ubishi huanzia penye bwawa la kuogelea. Husemwa pia kwamba heshima ya kampuni yataka mjumbe wake afikie pakubwa. Lakini wenyeji wake aghalabu humwona ofisini, wala hawamwoni kitandani.

Iko mizani moja ya kupimia ukweli wa hoja hizo. Zipo kampuni zilipazo bili ya hoteli zenyewe, na zipo zimpazo msafiri posho ya siku, na kinachobaki huwa chake. Mtu ni yule yule, mgongo ni ule ule: akilipiwa, hawezi kulala ila Kivukoni, akipewa posho, mara huvumbua kwamba Magomeni pana utulivu, na chapati zake ni njema. Ikiwa haja ya kazi ndiyo iliyochagua mara ya kwanza, ilikwenda wapi mara ya pili? Wala asidhaniwe wa pili kuwa mwema kuliko wa kwanza, maana yamkini ameuza usingizi ambao kazi aliyotumwa iliuhitaji.

Wenye hoteli waijua siri hii. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zilianza kuwatunza wageni wa mara kwa mara kwa pointi, ambazo mgeni aweza kuzigeuza kuwa malazi ya bure. Bili huenda kwa kampuni, zawadi huenda kwa achaguaye. Karani wa ununuzi akipokea zawadi ya namna hiyo kwa mwuza saruji, watu wataiita rushwa. Hotelini huitwa uaminifu.

Msafiri hujitetea kwamba usiku ule aliutoa yeye, mbali na watoto wake, hivyo pointi ni fidia yake. Utetezi huu una haki ndani yake, na kampuni nyingi huukubali kwa kunyamaza. Ajabu ni kwamba huusema barazani kwa rafiki zake. Mezani kwa mhasibu huweka stakabadhi peke yake, na kadi ya pointi ikabaki mfukoni.