Mordekai alitembea kila siku



Kuna neno moja ambalo sisi mashemasi tulilikata upesi, na leo tunalirudia mbele yenu. Neno ni hili: binti wa kanisa anayejitengeneza kwa ajili ya mashindano ya uzuri, anatenda dhambi? Tulijibu ndiyo, tukafunga mlango. Sasa tunaona jibu letu lilikuwa fupi kuliko neno lenyewe.

Katika korali yetu kulikuwa binti mmoja. Tulisikia kwamba anajitayarisha kwa mashindano ya Miss hapa mjini. Tukaketi, tukamtoa katika korali. Hatukumwita, wala hatukumwuliza lolote. Nyuma tulipata habari kwamba alikuwa analala na njaa ili apungue, na kujipakaa mafuta ya kung'arisha ngozi. Viatu aliazima. Nguo ilinunuliwa na bwana mmoja mwenye feza, na bwana yule hakutoa bure. Taji alivikwa mwingine. Kisha mama yake akatujia, akasema: "Wababa, mulimutoa katika korali. Basi alibaki na nani?" Hatukuwa na jibu.

Wapendwa, kujitengeneza si jambo lililotoka kwa wazungu. Wamama wa zamani wa Waluba Washankadi, upande wetu huu wa Kamina, walisukwa nywele zilizoshuka ngazi kwa ngazi kama maporomoko ya maji. Ilikuwa kazi ya saa nyingi sana. Usiku walilaza shingo juu ya mto mdogo wa mti uliochongwa, ili nywele zisiharibike. Mito ya namna ile leo inawekwa katika nyumba za ukumbusho za Ulaya, kama ile ya Tervuren kule Ubelgiji. Lakini tuangalie jambo moja: kichwa cha namna ile mtu hakitengenezi peke yake. Mikono ya wenzake iko pale. Mwanamke alitengenezwa akiwa katikati ya watu wake.

Tufungue sasa kitabu cha Esteri, sura ya pili. Wasichana walikusanywa Shushani kwa amri ya mfalme. Walitengenezwa miezi 12: miezi 6 kwa mafuta ya manemane, na miezi 6 kwa manukato. Mara nyingi tumehubiri juu ya taji la Esteri. Juu ya wale wengine hatukuhubiri hata mara moja. Someni mstari wa 14: kila mmoja aliingia jioni, asubuhi akapelekwa katika nyumba ya pili ya wanawake, na hakurudi kwa mfalme isipokuwa ameitwa kwa jina. Miezi 12 ya matayarisho, usiku mmoja, kisha kusahauliwa.

Na leo ni vilevile. Mwaka 1985, kule Miami, binti wa nchi yetu, Benita Mureka Tete, alikuwa wa tatu katika Miss Universe. Mwaka 2001 Agbani Darego wa Nigeria alishinda Miss World. Majina hayo tunayajua. Lakini katika mashindano yale ya 1985 walipanda wasichana zaidi ya 70, na taji lilikuwa moja. Mwenye kushinda watu wote wanamshangilia. Mwenye kushindwa anarudi nyumbani na deni, na pengine na ngozi iliyoungua. Mengine ya mafuta na sabuni zile yana zebaki, sumu inayoharibu mafigo. Katika mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kukomesha vitu vya urembo vyenye zebaki, lakini bado vinauzwa.

Sasa tumwangalie Mordekai, mstari wa 11. Alitembea kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali ya Esteri. Alianza kutembea kabla ya taji. Hakujua kama Esteri atashinda au atasahauliwa. Alikuwa baba mlezi tu, aliyeuliza habari za mtoto wake. Sisi tulikuwa wengi, na hakuna aliyetembea.

Wazee wengine watasema: shemasi anafungulia uchi mlango. Hapana. Mwili wa binti si bidhaa ya kupimwa macho, na kuna mambo ambayo ni lazima ayakatae. Hata wenye Miss World walitangaza mwaka 2014 kwamba wanaondoa shindano la nguo za kuogelea. Tena malkia Vashti alikataa kuonyeshwa uzuri wake mbele ya walevi, na kwa kukataa kule alipoteza taji. Lakini sikieni: mwenye kukataa anahitaji mahali pa kurudi. Tukifunga mlango, tunamfundisha binti kwamba yule bwana mwenye feza ndiye peke yake anayempokea.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wamama, mketi na mabinti zenu, muwaulize wanajipakaa nini, na nani analipa. Wababa, musiwaachie watu wa nje kuwa wa kwanza kuwaambia watoto wenu kwamba ni wazuri. Semeni ninyi, bila kudai kitu. Na sisi mashemasi, tusimhukumu tena mtu ambaye hatukwenda kwake.

Binti yule anakuja bado kwenye ibada. Anaketi kiti cha nyuma, mikono imefunikwa hata wakati wa joto. Jumapili iliyopita tulimwendea baada ya ibada, tukamwomba msamaha. Hakusema neno. Alilia, nasi tukalia. Kiti chake katika korali kinamngojea. Hata kama hatarudi kuimba, tutapita kwao kuuliza hali yake.

Bwana awabariki. Amina.