Ulizia Ukifika

Mtu anayekwenda Kakola, mji uliochipuka kandokando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, huelekezwa hivi: shuka stendi, fuata barabara ya mgodini, ukishayapita makarasha ya kusagia mawe ulizia kwa mama fulani. Neno lenye uzito hapo ni ulizia. Anayeelekeza hakukabidhi njia nzima. Anakupa nusu, na nusu iliyobaki ameiweka kwa watu usiowajua, akiamini kwamba watakuwapo na hawatakupotosha. Je, kufika kwa namba na kufika kwa kuulizia ni jambo moja? Nasema si moja. Namba hueleza nyumba ilipo. Jirani anayekuonyesha mlango anatoa ushahidi kwamba mwenye mlango yupo, anajulikana, na kuna watakaoshtuka asipoonekana. Usukumani majina mengi ya vijiji yanayoanza na Ng'wa-, ambayo kwenye vibao huandikwa Mwa-, yamebeba jina la mtu, kana kwamba ardhi haiitwi mpaka aitwe mtu kwanza. Dini nazo hazikuona aibu katika kutojua njia. Muislamu huomba kuongozwa njia katika kila rakaa, na msafiri aliyekwama ni miongoni mwa makundi 8 yanayostahiki zaka. Asiyejua njia ana haki kwa anayeijua.

Atakayepinga ataanza na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, majirani wamelala na dereva hana wa kumuuliza. Hilo halina jibu, na halihitaji jibu: Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyoharakishwa ili iitangulie Sensa ya tarehe 23 Agosti, ilikuwa kazi njema. Lakini kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka Bulyanhulu penyewe. Kabla ya mgodi mkubwa, eneo lile lilikuwa la wachimbaji wadogo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa na mwenyewe, na wenzake walijua ni la nani, bila kibao wala hati. Agosti 1996 wakaamriwa kuondoka. Mbele ya leseni ya kampuni, ujuzi wao wote wa mahali haukuhesabika kuwa kitu. Kampuni ya Barrick ikaununua mradi mwaka 1999, na mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Basi mtu ana haki ya kusema: acheni kusifu kuulizia, asiyeandikwa huondolewa kama ambaye hakuwahi kuwapo.

Pingamizi hilo linauma, nami sitaki kulikwepa. Ila tutazame kilichoshindwa pale. Ushahidi wa majirani haukuwa wa uongo; haukuulizwa. Leseni nayo ni anwani ya aina yake, mipaka iliyochorwa kwenye ramani, na unaweza kuichora ukiwa mbali, bila kubisha hodi kwa yeyote. Kwa hiyo maandishi hayawi kweli kwa kuandikwa tu. Hata zile namba za 2022 hazikushuka kutoka juu: waliozikusanya walihitaji kuongozwa na viongozi wa mitaa na vitongoji, watu wanaojua nyumba ya nani ni ipi. Namba nzuri ni kuulizia kulikohifadhiwa. Namba isiyotanguliwa na kuulizia inaweza kumfuta mtu vilevile kama kutokuwa na namba.

Yupo atakayesema kwamba Kakola ni mji wa wageni: ikisikika rashi ya dhahabu kwingine, nusu ya mtaa inahama, ushahidi huo wa majirani utatoka kwa nani? Naona ni hapo hasa unapozaliwa. Mwenye kibanda cha chai anayeulizwa kila siku kuhusu mpangaji wa nyuma hulazimika kumjua, na kwa kumjua anakuwa jirani yake, hata kama hawakutoka mkoa mmoja. Isitoshe, jirani ana uwezo ambao kibao hakina. Kibao humjibu kila anayepita. Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, akapanga chumba nyuma ya makarasha, hawezi kukiomba kibao kinyamaze. Lakini mwenye kibanda, akiulizwa na mwanamume asiyemfahamu, huweka birika chini na kuuliza kwanza: wewe ni nani wake, na unamtakia nini?