Wazo la Leo: Rubani Aliyetua Katikati

Rubani wa helikopta vitani huyaona mengi kutoka juu, na aliye juu ni rahisi kujipitia zake. Hugh Thompson wa jeshi la Marekani hakujipitia. Asubuhi ya Machi 16, 1968, akizunguka juu ya kijiji cha My Lai, Vietnam, aliona raia majeruhi. Akaangusha moshi wa kijani kuonyesha kwamba hapo pana watu wa kutibiwa. Aliporudi alikuta wameuawa, na waliowaua ni askari wenzake.

Akatua kati ya askari hao na wanakijiji waliojificha handakini. Vijana wake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, akawaambia: Wamarekani wakiwafyatulia raia risasi, nanyi wapigeni. Hebu fikiria kutoa amri ya namna hiyo! Helikopta yake ilikuwa ya watu watatu tu, hivyo ikabidi awaombe kwa redio marubani wa helikopta kubwa waje kuwabeba raia. Wakaja. Baadaye Andreotta aliteremka mtaroni, katikati ya maiti, akamtoa mtoto aliye hai.

Jeshi lilimpa Thompson nishani yenye maelezo ya uongo, eti mtoto yule aliokolewa kwenye mapambano. Akaitupa. Wapo waliomwita msaliti. Nishani ya haki ilikuja 1998, naye akagoma kuipokea chemba: itolewe hadharani, Washington, na wenzake nao wapewe, Andreotta akiwemo, aliyeuawa vitani Aprili 1968.