Jino la Kibarua Wako

Mwajiri mmoja hapa Kachibora aliniuliza: kijana ameacha chang'aa, lakini meno yameoza. Si ni yeye alijiharibia? Mimi nilipe ya nini?

Swali si baya. Lakini pombe hukausha mate, na mate ndiyo hulinda meno. Akiacha, mwili unadai vitamu, soda na chai ya sukari tele. Usiku jino likimuuma, dawa anayoijua iko kwa jirani, glasi moja tu. Hapo bado tunaongea jino peke yake?

Paulo alimwomba Filemoni ampokee Onesimo, na deni liandikwe kwake Paulo. Hakusema deni halipo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili. Wengi wanaotupalilia mahindi hawajui. Basi mpe siku aende Kitale, usimkate. Mswaki na dawa ya meno ni bei gani ukilinganisha na gunia la mbolea? Na muulize kando, si mbele ya wenzake. Wengi wao hufunika mdomo wakicheka.